Hospitali ya Mazoezi

Maabara yangu ya kwanza ilikuwa ya aibu, na nitaanza na hiyo ili mtu asidhani nilizaliwa nikijua. Nilitunga kiwanda cha sabuni. Nilikipa seva, wafanyakazi sita, meneja mwenye barua pepe za kizembe, na nenosiri ambalo mwanafunzi wa usalama wa taarifa alipaswa kuhangaika nalo wiki nzima. Wanafunzi wangu arobaini na mmoja walilipata kabla ya chai ya saa nne. Lilikuwa sabuni123.

"Mwalimu, hiki kiwanda umekitunga," alisema binti wa mstari wa mbele, mdogo wa umbo, ambaye wenzake walimwita Nukta. "Watu wa kweli hawako hivi."

Darasa likacheka, nami nikacheka nao, ingawa moyoni nilikuwa nimenuna.

Chuo chetu kina chumba kimoja cha kompyuta. Mashine ni kumi na mbili, zinazowaka ni saba, na moja kati ya hizo saba haina herufi R, kwa hiyo aliyekaa hapo huazima R kwa jirani. Nilijenga maabara ya mtandaoni kwa sababu hatukuwa na ya nje ya mtandao. Mwanafunzi anaingia kwa kompyuta yoyote, hata ya kuazima, anapewa shirika lake la bandia peke yake, analivunja anavyotaka, kisha anabonyeza kitufe linarudi jipya. Pa kuvunjia bila kumuumiza mtu, hilo ndilo lilikuwa wazo zima. Niliandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo, kwa herufi nzito, na nilijivunia sana sentensi ile.

Mkuu wa idara alinipa muhula mmoja. Maabara ikibuma, somo lingerudi kwenye ubao na chaki, na mimi ningerudi kuwafundisha makarani wa baadaye namna ya kupanga barua za ofisi. Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Sikutaka kurudi huko.

Nina dada mmoja. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, yeye kumi na saba, akaacha shule akanilea. Sisemi hivyo ili mtu anihurumie. Nasema ili ijulikane nilimfanyia nani hiki nilichokifanya. Alikuwa kwenye masijala ya hospitali kwa miaka ishirini na tisa, mtunza kumbukumbu za wagonjwa. Alianza enzi za makabrasha ya kufunga kwa kamba, zikaja kompyuta, akazijifunza kwa vidole viwili na miwani ya kuazima. Alikuwa na miaka minne tu kabla ya kustaafu. Na mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: ukilazwa pale, siri yako imefika mwisho wa safari. Hata shemeji yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumchokonoa akapata neno. Watu walimwamkia barabarani kwa heshima isiyo ya kawaida, kwa sababu nusu yao alijua walichougua.

Siku moja nilimpitia kazini mchana. Chini ya meza yake kulikuwa na kompyuta imefunikwa kanga kuukuu.

"Hiyo ni nini?"

"Ile ya zamani. Tumehamia mfumo mpya, huu unafunguka hata ukiwa nyumbani. Hiyo inangoja kutupwa, na wewe unajua hapa kitu kikingoja kutupwa kinakaa miaka."

Nikakaa kitako pale pale. Nilimweleza kuhusu kiwanda cha sabuni na kicheko cha wanafunzi, nikamweleza kuhusu mkuu wa idara. Kisha nikamwomba nakala.

"Ina majina ya watu humo," akasema.

"Nitayafuta."

"Yote?"

"Yote, Dada. Na magonjwa nitayachanganya, hata mwenyewe asijitambue."

Alizungusha kalamu mezani kwa muda. Halafu akapokea flashi yangu, akainama chini ya meza, magoti yakimlia, akanakili. Aliponirudishia hakuiachia mara moja.

"Ukinitia aibu nitakucharaza na mvi zako hizo," akasema.

Nilikaa wiki tatu nikisafisha. Wagonjwa elfu tisa na ushee. Niliwabadilisha majina, mitaa, tarehe za kuzaliwa, nikamhamishia mmoja kisukari cha mwingine. Madaktari niliwafuta. Hospitali yenyewe niliivua jina na nembo. Nilifanya kazi ile kwa adabu, nikiwa na karatasi ya kutia alama kila safu niliyoimaliza, na hadi leo naamini hakuna mgonjwa hata mmoja aliyetoka kupitia maabara yangu. Nalisema hili kila ninapopata nafasi. Halinisaidii kitu.

Nilichokiacha ni akaunti za watumishi nane. Zilikuwa na namba tu, hazina majina, na manenosiri yalikuwa yamevurugwa, hayasomeki mpaka uyavunje kwa kubahatisha maneno na tarakimu. Nikaketi kuyavunja mwenyewe kwanza, kama mpishi anavyoonja. La mtumishi 07 lilifunguka la kwanza. Lilikuwa kijiko, likifuatiwa na mwaka niliofaulu kwenda sekondari.

Kijiko ni mimi. Ndivyo nilivyoitwa nyumbani, kwa sababu baada ya mama kuondoka nilikuwa silali mpaka nishike kijiko. Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo. Nililitazama neno lile kwenye kioo mpaka macho yakaniuma.

Hapa ndipo penye kosa langu, na sitaki lipite haraka. Sisi tunaotengeneza maabara hizi tunalia kilio kimoja: hatuwezi kutunga nenosiri la kweli. Tukitunga rahisi wanafunzi wanacheka, tukitunga gumu halivunjiki, na yote mawili yananuka mwalimu. La mtu wa kweli lina mapenzi ndani yake na uvivu kidogo. Nilikuwa nimelipata. Nililipenda kama fundi anavyopenda ubao mzuri, nikaliacha lilivyo, nikaliweka kuwa zoezi la nne.

Na somo langu la kwanza kila muhula, sentensi ya kwanza kabisa, ni kwamba watu hawabadilishi manenosiri. Wanahama nayo, mfumo hadi mfumo, mpaka wastaafu. Nimeisema kwa miaka tisa. Halafu mdomo huo huo ukajiambia kwamba Dada, kwenye mfumo mpya, bila shaka ana jingine. Sikumuuliza. Kumuuliza kungekuwa kumwambia nimeliona, na nilimwonea haya. Ningejihisi nimemkuta analia.

Maabara ikafana. Wanafunzi waliing'ang'ania wiki mbili, wakagombana, wakaibiana mbinu, mmoja akakosa harusi ya binamu yake kwa ajili ya zoezi la nne. Nukta ndiye aliyelivunja kwanza. Alikuja mezani kwangu bila majivuno.

"Hii ni ya kweli, mwalimu," akasema. "Huyu mama anampenda huyo mtoto wake."

"Umejuaje ni mama?"

Akainua mabega. Mkuu wa idara akaanza kuwaleta wageni waitazame.

Dada alinipigia Jumanne mchana. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndiyo maana niliogopa. Akasema nikitoka nipitie kwake.

Nilimkuta jikoni akiosha vyombo visafi. Alikuwa amesimamishwa kazi. Kijana mmoja alikuwa amekuja kaunta ya hospitali akapiga kelele mpaka askari wa mlangoni akaingia. Uchumba wake ulikuwa umevunjika. Mchumba wake alijua ugonjwa wake, alijua dawa zake, alijua hata wiki aliyoanza kuzimeza, ilhali kijana mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu zaidi ya daktari. Wakatazama kwenye mfumo. Faili lake lilifunguliwa na mtumishi 07, Jumapili, saa nane mchana.

"Jumapili saa nane nilikuwa nyuma ya nyumba nakung'uta magodoro," Dada akasema. "Nani atanitolea ushahidi, magodoro?"

Nilijua tayari. Nilimsaidia kufuta sahani ambazo hazikuwa na maji, nikaondoka.

Asubuhi Nukta alikuwa anasubiri nje ya ofisi yangu. Alikuwa amelia na akanawa uso, akalia tena.

"Shikamoo, mwalimu. Ile hospitali ya kwenye maabara ni ya kweli?"

"Kwa nini unauliza?"

Akaniambia. Alikuwa amempeleka bibi yake kliniki ya hospitali ile ya Dada, akaona kwenye kompyuta ya kaunta kisanduku kile kile cha kijani na safu zile zile za kadi. Nembo niliiondoa, lakini umbo la mfumo, ambalo mfumo mpya ulilirithi, nililiacha, nani angekumbuka umbo. Jumapili akatafuta mlango wa mfumo ule mtandaoni, akaandika 07, akaandika kijiko na mwaka.

"Nilidhani hautafunguka. Nilikuwa najaribu tu, mwalimu."

"Ukafunguka."

"Ukafunguka. Nikatafuta jina la mchumba wa dada yangu."

"Kwa nini umtafute yeye?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama ninavyowafundisha kufikiri.

"Kwa sababu ulifunguka," akasema.

Baadaye akaniuliza kama ni kosa lake. Nikamwambia aende darasani. Lilikuwa kosa lake, na alistahili kuambiwa hivyo na mtu mzima, ila kila sentensi niliyoipanga kichwani iliishia kwenye jina langu, nikazimeza zote.

Siku tatu niligeuza jambo lile huku na huku. Nikikaa kimya, Dada ndiye aliyefungua faili la watu na kulitangaza, yeye ambaye mdomo wake ndio ulikuwa sifa yake. Nikimtoa Nukta, watamuuliza nenosiri alilipata wapi. Nikisema alilipata kwangu, wataniuliza mimi nililipata wapi. Njia zote zilipita chini ya ile meza yenye kanga kuukuu. Nimewahi kuchora ramani nyingi za mashambulizi ubaoni, na sijawahi kuchora moja isiyo na pa kutokea.

Siku ya nne nilimwambia Dada. Nilimwambia jikoni kwake, nimesimama, kama nilivyokuwa nikiungama vikombe nilivyovunja. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Hilo neno. Wanafunzi waliliona wote?"

"Wote arobaini na mmoja."

"Walicheka?"

"Hapana, Dada. Hawakucheka."

Akatikisa kichwa polepole. Uso wake ulikuwa umepata haya, na sikuwahi kumwona na haya maishani mwangu. Nilitamani anicharaze kama alivyoahidi.

"Kwa hiyo nikinyamaza, nimefungua faili la mtu," akasema. "Nikisema kweli, nimetoa nakala nje. Mimi sioni pengine. Labda wewe uliyesoma unaona."

"Nitakwenda kwenye kamati nieleze. Kosa ni langu, nitalibeba."

"Unafikiri litabebeka na wewe?"

"Nitajaribu."

"Haya," akasema, akageukia sinki.

Kamati ilikaa Ijumaa, chumba cha mikutano cha hospitali, meza ndefu na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Katibu wa hospitali alikuwa katikati, muuguzi mkuu kulia, na mwanasheria wao kushoto. Dada alikaa kwenye kiti cha peke yake karibu na mlango, mkoba magotini. Nilipoingia alinikodolea macho akatikisa kichwa mara moja, haraka. Nilidhani ni woga. Nikapiga moyo konde nikaanza kusema.

Nilieleza vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, nilieleza kama niko darasani, hatua kwa hatua, hata muuguzi mkuu akaelewa. Niliwaonyesha kumbukumbu za maabara: tarehe, saa, jinsi akaunti 07 ilivyovunjwa na darasa zima wiki moja kabla ya Jumapili ile. Katibu aliandika bila kuinua kichwa.

"Tunakushukuru, mwalimu. Umetusaidia sana. Kwa hiyo faili hakulifungua yeye."

"Hakulifungua."

"Ila alikupa nakala ya kumbukumbu za wagonjwa wote."

"Nilizisafisha. Hakuna jina hata moja lililobaki."

"Ulizisafishia wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Yaani zilitoka hapa zikiwa bado hazijasafishwa," akasema mwanasheria, kwa upole, kama anayenisaidia kumalizia hesabu.

Muuguzi mkuu akauliza aliyefungua faili ni nani hasa, nikasema ni mmoja kati ya arobaini na mmoja, nao hawakunibana. Walikuwa wamepata jina waliloweza kulifanyia kitu.

Alifukuzwa kazi Jumatatu. Nilikwenda kumsaidia kubeba vitu: kikombe, ndala za ofisini, sweta, picha yangu ya mahafali yenye kioo kilichopasuka kona. Wenzake wa masijala walijifanya hamnazo, kila mmoja kajiinamia droo yake. Tulipofika barabarani akasimama kupumzisha mkono.

"Ijumaa asubuhi Katibu alinivuta pembeni," akasema. "Aliniambia hawana ushahidi wa kutosha. Wangenipa barua ya onyo na kunihamishia stoo ya mashuka. Nilitaka kukupigia, simu walikuwa wametunyang'anya mlangoni."

Nilisimama na sanduku la karatasi mikononi.

"Nilikutikisia kichwa," akasema.

"Nilikuona."

"Sikulaumu. Ulikuwa unasema kweli." Akachukua mkoba wake tukaendelea kutembea.

Yule kijana wa uchumba hakuna aliyemwomba radhi. Nilifika hadi kwenye geti lao mara mbili, nikarudi mara mbili. Dada yake Nukta naye hakumrudia. Watu wa mtaani waliokuwa wakimwamkia dada yangu sasa walivuka barabara, kwa sababu habari iliyowafikia ilikuwa fupi: yule mama wa masijala alitoa mafaili ya watu. Ukweli wenyewe ulikuwa mrefu mno kuusimulia mtu aliyesimama na mboga mkononi, na hata ungesimuliwa, mwisho wake ungekuwa huo huo.

Mimi hawakunigusa. Hospitali haikutaka makelele, chuo hakikutaka makelele, wakaelewana juu ya kichwa changu. Mkuu wa idara aliniita ofisini, nikaenda nimejiandaa kukunja jamvi. Alinikaribisha kiti.

"Nimesikia yaliyotokea. Pole na dada," akasema. "Sasa, hili tukio lina mafunzo mengi. Liweke kwenye mtihani wa mwisho. Ondoa majina tu."

Nilipaswa kukataa. Nimejitafutia sababu za kutokukataa na ninazo nyingi, zote nzuri, na hakuna hata moja ninayoiamini. Nilikwenda nikaliandika. Niliandika masijala, kompyuta ya zamani, ndugu mwalimu, mfumo mpya, Jumapili. Swali la mwisho lilikuwa la alama kumi, la lazima, asiyelipata anafeli somo: taja sehemu moja iliyokuwa dhaifu kuliko zote katika mfumo huu. Maabara inajisahihisha yenyewe, ndivyo nilivyoitengeneza, kwa hiyo jibu sahihi lazima liwekwe ndani kabla. Jopo la kusahihisha mitihani likakaa bila mimi, likaweka: mtunza kumbukumbu. Mkuu wa idara akatia sahihi.

Matokeo yalitoka Alhamisi. Wanafunzi arobaini walipata alama kumi kwa kumi. Mmoja alipata sifuri. Nilifungua jibu lake. Nukta alikuwa ameandika maneno mawili: aliyetengeneza maabara. Mbele yake kulikuwa na alama nyekundu ya kosa ambayo niliichagua mimi mwenyewe, rangi na ukubwa, mwaka mmoja kabla.

Ninao uwezo wa kubadilisha alama. Kuna kitufe, na chini yake kisanduku kinachodai sababu kwa maandishi, na sababu hiyo inakwenda kwa mkuu wa idara. Niliweka kidole pale. Niliandika neno moja, nikalifuta. Kwa sifuri ile Nukta alikuwa amefeli somo lote, na hakukata rufaa. Hakuja ofisini kuniuliza. Alijua nimesoma.

Simu ikaita nikiwa bado nimekaa hapo. Dada hupiga kila Alhamisi siku hizi, kwa kuwa mchana wake ni mrefu.

"Leo si ndiyo matokeo ya watoto wako?" akauliza. "Wamefaulu?"

"Wamefaulu."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa mmoja."

"Masikini," akasema. "Msaidie huyo, mdogo wangu. Labda hakuelewa."

Nikamwambia nitamsaidia, nikaufunga ukurasa.